Harufu inanituliza, lakini nyumbani imewasha moto

Shangazi,

Salamu nyingi kutoka Malaba. Safu yako naisoma kwa muda mrefu, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa mimi ninayeandika. Naomba jina langu lisitajwe. Mji wetu ni mdogo, watu wanajuana hadi kwa namba za malori.

Nina miaka 41, nimeoa, tuna watoto watatu. Kazi yangu ni wakala wa forodha, natoa mizigo hapa mpakani mwa Uganda na Kenya, huu mwaka wa kumi na tatu. Ni kazi ya simu na kusubiri. Dereva anapiga, mwenye mzigo anapiga, mtu wa ghala anapiga, na wote wanauliza jambo moja: gari linatoka saa ngapi? Hayo nilishayazoea. Lililonivunja lilitokea mwaka jana, mwezi wa nane. Mteja niliyefanya naye kazi miaka minne aliniomba nimlipie ushuru wa kontena mbili, mzigo ukifika Kampala anirudishie. Tulishafanya hivyo mara nyingi. Safari hii mzigo ulifika, simu yake ikazimwa. Shilingi milioni 14. Nyingine ilikuwa akiba yangu, nyingine nilikopa Sacco, na dhamana niliyoweka ni hati ya kiwanja tulichonunua mimi na mke wangu kule Tororo. Hati ina jina langu. Yeye hajui.

Tangu hapo mwili huu si wangu. Simu ikilia moyo unaruka kabla sijaona nani anapiga. Saa tisa usiku macho yanafunguka yenyewe, nahesabu pesa mpaka nasikia adhana ya alfajiri. Mabega yamekaza kama nimebeba gunia. Nilikwenda kupima, presha ikatoka 152 kwa 96. Daktari akaniandikia vidonge, akaniambia, "Punguza mawazo." Shangazi, mawazo yanapunguzwaje? Angesema chumvi ningejua pa kuanzia.

Ndipo mama mmoja mwenye duka karibu na ofisi yetu akanidondoshea matone mawili ya mafuta ya lavenda kwenye kitambaa changu cha mkono. Nilikuwa yadini, injini zinanguruma, harufu ya dizeli na matairi imejaa. Nikaweka kitambaa puani, nikavuta. Mabega yalishuka. Nilijisikia kama mtu aliyekaza mkanda siku nzima, kisha akaulegeza. Siku ile nilifanya kazi mpaka jioni bila kumgombeza mtu.

Nikanunua chupa, mililita 10 kwa shilingi 45,000. Nikanunua ya pili ya mchaichai. Kisha nikanunua kile kifaa cha umeme kinachotoa mvuke. Usiku najifungia chumba cha wageni, nazima taa, nakaa nusu saa. Hapo ndipo napumua.

Nadhani hili la kupenda harufu nimelipata kwa mama. Marehemu mama yangu alikuwa Mnubi wa Bombo. Kila Alhamisi jioni aliwasha chetezo, majirani zake wakaja, wakafukiza nguo na nywele, wakanywa chai ya tangawizi na kuongea mpaka sisi watoto tunalala. Asubuhi nguo zetu za shule zilikuwa zinanukia.

Sasa tatizo. Mke wangu anasema narudi nyumbani nikinukia mwanamke. Ameona jumbe za yule mama wa duka kwenye simu yangu. Ni za biashara tu, lakini nyingine zinaingia hata saa nne usiku. Nikimwambia ni dawa ya mawazo, ananiuliza, "Mawazo gani?" Nami nanyamaza. Binti yetu wa miaka sita ana pumu, na wiki hizi anakohoa usiku. Mke wangu anasema ni kile kifaa. Kaka yangu ni mwanajeshi, amenicheka mbele ya watu, eti mwanamume gani anatembea na kitambaa cha manukato.

Yule mama naye ananiambia nakosea kwa sababu natumia kidogo. Anataka nitie matone matatu kwenye chai kila asubuhi, na niache vidonge vya presha kwa kuwa "hizo ni kemikali". Tena nitoe shilingi 1,200,000 niwe muuzaji chini yake, ndani ya miezi sita nitakuwa nimemaliza deni.

Nifanye nini? Niache hii harufu, kitu pekee kilichonisaidia? Niingie biashara? Nimwambie mke wangu kila kitu? Au mimi nimekuwa mtu dhaifu wa kushikilia kitambaa?

Asiyelala, Malaba



Mwanangu wa Malaba,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona mafuta, kitambaa na mke mwenye wivu. Mara ya pili nikasimama kwenye maneno mawili uliyoyapita haraka, kama mtu anayevuka barabara ya malori: "Yeye hajui." Nitayarudia. Lakini nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokuuma na ndilo ulilochelewa kuliuliza.

Udhaifu siuoni. Kaka yako akiingia msikitini Ijumaa atakuta safu nzima ya wanaume waliojipaka mafuta mazuri, na hakuna anayewacheka. Baba zetu walipopata mafua walijifukiza, wakaketi chini ya blanketi na sufuria ya majani ya mkaratusi, kalitunsi kama tunavyouita hapa kwetu. Wakati wa korona mwaka 2020 tuliwaona wanaume wazima wakifanya hivyo hivyo na kuambiana kwa simu majani gani ni makali zaidi. Wewe tofauti yako ni moja: hujifukizi kwa ajili ya kifua, unavuta harufu kwa ajili ya moyo. Sisi bado hatujazoea kumsikia mwanamume akisema moyo wake umechoka. Nimefurahi kwamba wewe umesema, hata kama umeanza kwa kuniandikia mtu usiyemjua.

Na ulichokisikia pale yadini hukukibuni. Harufu ina njia fupi kuliko hisia nyingine. Tunachokiona na tunachokisikia hupitia kwanza kituo kimoja katikati ya ubongo, kisha ndipo hugawanywa. Harufu hutoka juu ya pua na kufika karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazoshughulika na hofu na kumbukumbu. Wanasayansi wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kueleza jinsi pua inavyozitambua harufu. Binadamu tuna aina zipatazo 400 za vipokezi vya kazi hiyo. Kwa hiyo unapovuta harufu, mwili unaweza kufika Bombo kabla kichwa hakijapata neno la kusema. Nadhani hili unalijua wewe kuliko mimi.

Tiba yenyewe ni ya zamani, jina lake tu ndilo jipya. Mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, ndiye aliyeliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1937, lakini ubani, udi na karafuu vilikuwa vimeshatuliza watu karne nyingi kabla yake. Tangu hapo lavenda imejaribiwa kwa watu wanaosubiri kung'olewa jino, kwa wanaokaribia kuingia chumba cha upasuaji, kwa wauguzi waliochoka na zamu. Mara nyingi wasiwasi wao ulipungua kwa muda ule. Ila majaribio mengi yalikuwa madogo, na yana ugumu ambao haukwepeki: huwezi kumnusisha mtu kitu asijue kwamba amenusa. Anayetarajia kutulia, hutulia kiasi. Nikikuambia harufu inasaidia, nina maana ya wasiwasi wa saa ile, kwa saa ile. Kwamba inatibu presha, au inaondoa kinachokuamsha saa tisa usiku, hilo halijathibitishwa, na anayekuambia limethibitishwa anakuuzia kitu.

Sasa nikuulize. Ulipoweka kile kitambaa puani, ulifanya nini kingine? Ulisimama. Kwa nusu dakika hukujibu simu. Ulivuta pumzi ndefu, na bila shaka ukaitoa polepole. Pumzi inayotoka taratibu hupunguza kasi ya moyo yenyewe, hata bila mafuta. Sisemi mafuta hayafanyi kitu. Nasema hujui bado ni kiasi gani cha ule utulivu ni cha chupa na kiasi gani ni chako mwenyewe. Ungeweza kujaribu kwa wiki mbili. Siku moja tumia kitambaa chenye matone, siku inayofuata kitambaa kikavu kilichofuliwa kwa maji tu. Pumzi ziwe zile zile: vuta ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita, mara kumi. Wewe ni mtu wa nyaraka, kwa hiyo andika kwenye daftari lako, mabega yalikuwaje kabla na baada, kuanzia moja hadi kumi. Kama kitambaa kikavu kitakupa sehemu kubwa ya utulivu, utakuwa umejua kwamba dawa unatembea nayo. Kama hakitakupa kitu, basi harufu yenyewe inakushika, na hilo nalo ni vizuri kulijua.

Tena si lazima iwe ya shilingi 45,000. Nyuma ya nyumba nyingi za huko kwenu kuna shina la mchaichai. Kata jani moja, likunje mara tatu, lipasue kwa kucha, kisha lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ngozi ilowe na uhisi makali kidogo ya ukingo wa jani. Ile harufu kama ya limau ni sitrali, kitu kile kile kilichomo kwenye chupa yako ya pili. Mujaaja nao, ndugu yake kivumbasi cha pwani, ukiupitisha mkono tu unajibu. Chai ya majani haya ni kinywaji cha kawaida hapa Uganda, wazee wetu wameinywa maisha yao yote.

Lakini chai ya majani na matone ya chupa si ndugu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mafuta yale ni mmea uliokamuliwa hadi ukali wake wote ukakusanyika kwenye chupa isiyozidi kidole. Hayachanganyiki na maji. Ukiyatia kwenye chai yanaelea juu, na yanagusa koo na tumbo yakiwa makali vile vile. Ujerumani kuna vidonge vya mafuta ya lavenda vya miligramu 80 vinavyouzwa kwa ajili ya wasiwasi, lakini hivyo vimepimwa, vimefungwa kwenye ganda na vimejaribiwa kwa wagonjwa kama dawa nyingine. Chupa ya dukani haijapitia njia hiyo. Hata ukitaka kupaka ngozini, usipake matupu. Matone sita kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, ya simsim, au yale ya shea ya kaskazini ambayo Waacholi wanayaita moo yaa, yanatosha kabisa. Na jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, usubiri siku moja.

Vidonge vya presha usiviache. Hapa sina maneno ya kupamba. Madaktari huita presha ya juu ikirudiwa kupimwa na kubaki 140 kwa 90 au zaidi, na wewe ulikuwa 152 kwa 96. Presha ya juu haiumi, na ndiyo sababu watu huiacha dawa wakijisikia vizuri. Unaweza kutulia kabisa na kitambaa chako, mabega yameshuka, na mishipa bado inabeba mzigo mzito. Rudi ukapime, uende na swali lako: vidonge hivi vinanisumbua au havinisumbui, na je, kuna kipimo kingine? Mwambie daktari pia kwamba hulali. Uliponukuu "punguza mawazo" nilihisi uchungu wako. Nadhani alisema vile kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na pengine hukumwambia kuhusu milioni 14.

Binti yako. Hili ningelifanya leo kabla ya yote. Harufu kali, hata ya mmea, inaweza kuamsha pumu kwa baadhi ya watu, na mvuke wa kile kifaa haukai chumba cha wageni, unapita chini ya mlango. Huenda kikohozi kina sababu nyingine, vumbi la malori au mafua, lakini mke wako amekuonyesha jambo linaloweza kupimwa: zima kifaa wiki mbili, usikiwashe hata akiwa shuleni, uone usiku unakuwaje. Kitambaa chako kinatosha, hicho kinamfikia mwenye pua yake tu. Hakikisha dawa yake ya kuvuta ipo na haijaisha muda, na kikohozi kikiendelea apelekwe kituo cha afya. Chupa zako ziweke juu asipofikia, hasa kama utapewa mafuta ya mkaratusi au ya kafuri, kwa sababu mtoto akiyameza kidogo tu anaweza kupata degedege. Na kama unawaza kurudia chetezo cha mama, mkaa usiwashwe kamwe chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu hata kidogo. Mama yako, nakisia, aliwasha milango ikiwa wazi.

Kuhusu biashara, nitasema machache. Watu husema dawa ya deni ni kulipa, na mtu mwenye deni, kila mlango ukigongwa hudhani ni malipo. Jiulize: hapo Malaba kuna watu wangapi wanaoweza kutoa 45,000 kwa chupa ya mililita 10, kila mwezi? Yule mama anapata faida yake kwa kuuza mafuta, au kwa kukuuzia wewe nafasi ya kuuza? Mwombe akuonyeshe daftari la mauzo yake ya miezi mitatu, mauzo kwa wateja, si kwa wauzaji walio chini yake. Kama ana moyo mwema, na huenda anao, kwa sababu siku ile yadini alikupa bila kukudai, hatakasirika ukiuliza. Shilingi 1,200,000 zaidi juu ya milioni 14 utazikopa wapi, na ni nani mwingine hatajua?

Tumefika hapo sasa.

Mke wako ananusa kitu. Amekosea kuhusu mwanamke, lakini hajakosea kwamba kuna siri ndani ya nyumba. Jiweke mahali pake: mume anarudi nguo zake zinanukia, simu inaingia jumbe usiku, anajifungia chumba giza, na akiulizwa "mawazo gani?" ananyamaza. Mwanamke mwenye akili timamu ataweka nini mahali pa jibu lililokosekana? Ameweka kile kinachojulikana zaidi. Na wewe, nisamehe nikisema hivi, wivu wake unakupa nafuu kidogo. Maadamu mnagombana juu ya lavenda, hamjafika kwenye hati ya Tororo. Sisemi ulipanga hivyo. Nauliza tu kama hujawahi kulihisi.

Kwa nini hujamwambia? Barua haisemi. Inawezekana unamlinda. Inawezekana unaogopa atawaambia kwao. Inawezekana unaona aibu kwamba wewe, mtu wa mpakani mwenye uzoefu wa miaka 13, umedanganywa na mteja. Kila sababu ina njia yake, kwa hiyo ijue yako kabla hujafungua mdomo. Lakini kumwamini mtu uliyefanya naye kazi miaka minne, ambaye alilipa kila mara, sioni kama ni ujinga. Yeye ndiye aliyezima simu. Na juu ya hilo, barua haisemi kama umewahi kuliripoti au kumwona mwanasheria. Nyaraka za ushuru unazo, jumbe za simu nadhani unazo. Utaratibu wa madai madogo katika mahakama zetu unaishia shilingi milioni 10, deni lako linazidi, kwa hiyo litahitaji njia ya kawaida na mtu wa kukuongoza. Huenda usipate hata nusu. Ila kuna tofauti kwa mwili kati ya mtu anayedai na mtu anayejificha.

Kumwambia mke kuna hatari, siwezi kukuficha. Anaweza kulia, anaweza kuhama chumba, anaweza kwenda kwao wiki mbili. Kile kiwanja ni jasho lake pia, jina lolote liwe kwenye hati. Kutokumwambia nako kuna hatari: Sacco haitanyamaza milele, na siku barua yao itakapoletwa nyumbani na boda, atakuwa amejua kutoka kwa karatasi. Kuna wanaochagua kusema nusu, deni lipo lakini hati wanaiacha. Nimewaona wengi wakipita hapo, na ile nusu ya pili huwa inauma kuliko ya kwanza, kwa sababu mwenzako anajiuliza kama kuna ya tatu. Ungeweza pia kwenda kwanza Sacco, ukaomba ratiba mpya ya malipo, ili siku ya kumwambia uwe na karatasi mkononi yenye namba na tarehe. Watu wengine wanaona ni rahisi kumketisha mzee mmoja wanayemheshimu wote wawili. Wengine wanaona huyo mzee ni aibu ya ziada. Wewe unamjua mkeo, mimi simjui. Ila zile jumbe za saa nne usiku, hizo mwombe yule mama aziache leo, na mke wako aone ukimwandikia.

Kuna jambo moja nililisoma zamani na bado nalikumbuka kila ninapopata barua kama yako. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, watafiti walijaribu kuwakusanya watu wenye huzuni nzito katika vikundi vidogo, wanawake kwao na wanaume kwao, mara moja kwa wiki, wiki 16, wakiongea tu. Ugomvi wa nyumbani, misiba, mabadiliko ya maisha. Kabla ya kuanza walikuwa wameuliza wanakijiji wenyewe wanaitaje hali hiyo, na moja ya majina waliyopewa kwa Kiganda lilikuwa okwekyawa, mtu kujichukia mwenyewe. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakupewa vikundi. Nakuambia hili kwa sababu walikuwemo wanaume, wakulima wa kawaida, na waliongea. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Mbale haiko mbali nawe. Huhitaji kuwa umerukwa na akili ndipo uende. Mtu asiyelala miezi mingi ana sababu ya kutosha. Na kama katika zile saa za usiku limewahi kukujia wazo kwamba ni afadhali usiwepo, usisubiri jibu la safu wala matokeo ya daftari. Mwamshe mtu usiku huo huo, na asubuhi mwende pamoja.

Kitambaa chako sikunyang'anyi. Ukiniuliza, ningekushauri ukiweke kwa saa maalumu: kabla ya kupiga simu ngumu, kabla ya kuingia Sacco, kabla ya kukaa na mkeo. Mwili hujifunza harufu. Ukiivuta mara kwa mara ukiwa salama na umetulia, huja wakati harufu peke yake inaukumbusha mwili utulivu. Ukiivuta kila unapojificha, sijui utakuwa unaufundisha nini.

Nimerudi mara kadhaa kwenye ile aya ya mama yako. Umeiandika vizuri kuliko zote. Alhamisi jioni, chetezo, majirani, nguo, nywele, chai ya tangawizi, na maongezi mpaka watoto wanalala. Kote humo sikumwona mama yako akiwa peke yake hata mara moja. Hujaniambia wale wanawake walikuwa wakiongea nini. Ulikuwa mtoto, lakini ulikuwa umelala chumba cha pili, na watoto husikia. Pengine na mama naye alikuwa na deni.

Na mke wako, ambaye amenusa nguo zako miezi yote hii, yeye anapenda harufu gani? Miaka yote ya ndoa yenu, umewahi kumuuliza?

Shangazi